Paa tambarare: Ni utando upi wa kuzuia maji unaofaa nyumba yako?

Mvua ya masika huanza Machi, na hapa Pwani kwa kawaida hufikia kilele mwezi wa Mei. Kwa wapangaji wa ghorofa ya mwisho katika majengo yenye paa la zege, huo ndio msimu wa kusogeza vitanda na kutandaza mabeseni sebuleni. Wengine bado wanakumbuka mafuriko ya Novemba 2023, wakati mvua ya vuli ilipojaza barabara za Mombasa na maji kupenya hata katika nyumba ambazo hazijawahi kuvuja.

Kila mwaka baada ya tone la kwanza, wamiliki wa nyumba hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi na kununua kile ambacho muuzaji amewaonyesha: ndoo ya rangi ya kuzuia maji, debe la lami au roli la felti. Fundi hupanda juu, kazi huisha kwa siku mbili, na mwaka unaofuata maji hurudi palepale. Mara nyingi bidhaa yenyewe haikuwa mbovu. Ila haikufaa paa lile, au iliwekwa juu ya paa ambalo halikuwa limetayarishwa.

Makala haya yanaeleza aina za tando zinazotumika kuzuia maji kwenye paa tambarare, ubora na udhaifu wa kila moja katika hali ya hewa ya Mombasa, na mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa zake.

KWA NINI ZEGE PEKEE HALITOSHI

Zege ni gumu lakini lina vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni. Mchana jua la Pwani hulichoma paa hadi likatanuka. Sehemu nyeusi iliyo wazi inaweza kupita nyuzi 60 za selisiasi. Mvua ya ghafla ikinyesha, zege hupoa na kunywea kwa haraka. Kutanuka na kunywea huko kila siku huzaa nyufa nyembamba kama unywele, na maji huingia humo.

Madhara hayaishii kwenye doa la dari. Ndani ya zege kuna vyuma, na vyuma hivyo ndivyo vinavyobeba uzito. Maji na hewa vikivifikia, vyuma hushika kutu. Mombasa hali ni mbaya zaidi kwa sababu upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi likapasuka na kubanduka vipande vipande.

Kwa sababu hiyo, madoa ya rangi ya kahawia kwenye dari, ufa unaofuata mstari wa chuma au vipande vya zege vinavyodondoka ni dalili za kumwita mhandisi. Kupaka rangi juu ya madoa hayo huficha ugonjwa huku ukiendelea. Utando mpya nao hauwezi kurudisha nguvu ya chuma ambacho tayari kimeliwa. Lazima ukarabati wa zege utangulie.

MTEREMKO KWANZA, UTANDO BAADAYE

Paa huitwa tambarare, lakini halipaswi kuwa sawasawa kama meza. Linahitaji mteremko mdogo kuelekea kwenye matundu ya kutolea maji. Kipimo ambacho wajenzi wengi hukilenga ni sentimita 2 kwa kila mita moja. Maana yake, kutoka ukingo hadi kwenye tundu lililo umbali wa mita 6, uso wa paa unapaswa kushuka kwa sentimita 12.

Njia rahisi ya kupima ni kupanda paani saa 48 baada ya mvua kubwa, jua likiwa limewaka. Mahali ambapo bado kuna dimbwi ndipo mteremko ulipokosewa. Chora duara kwa chaki kuzunguka kila dimbwi ili fundi ayaone hata paa likikauka.

Dimbwi ni mzigo pia. Sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 10. Kwenye paa la mita 12 kwa 10, yaani mita 120 za mraba, sentimita moja tu ya maji yaliyotuama kote ni kilo 1,200, zaidi ya tani nzima. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa hilohilo huleta lita 6,000 ambazo lazima zipate njia ya kutoka. Tundu moja lililozibwa na mfuko wa plastiki au majani linatosha kuligeuza paa kuwa bwawa. Ni vyema paa liwe na matundu yasiyopungua mawili, pamoja na tundu la dharura kwenye ukuta wa ukingo, likiwa juu kidogo ya yale ya kawaida, ili maji yapate pa kumwagikia pale mengine yanapoziba.

Mteremko hurekebishwa kwa tabaka la saruji na mchanga ambalo mafundi huliita skridi. Lakini hapa pia kuna hesabu: skridi yenye unene wa sentimita 5 ina uzito wa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba, sawa na tani 12 kwenye paa letu la mfano. Jengo la zamani lisiongezewe mzigo huo bila mhandisi kusema kwamba litauhimili.

FELTI YA LAMI INAYOCHOMWA KWA GESI

Huu ndio utando unaojulikana zaidi na mafundi wetu. Huja kwa maroli ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, yenye unene wa milimita 3 au 4. Ndani kuna kitambaa cha polista au faibaglasi, na pande zote mbili kuna lami iliyochanganywa na plastiki au mpira. Fundi huyeyusha upande wa chini kwa moto wa gesi huku akiliviringisha roli, nalo hushikamana na zege.

Kuna aina mbili kuu, na tofauti yake ni muhimu. Ile yenye alama APP imechanganywa na plastiki na huhimili joto vizuri bila kulainika. Ile yenye alama SBS imechanganywa na mpira. Hunyumbuka zaidi na hufaa pale ambapo jengo lina mtikisiko au nyufa zinazocheza, na katika nchi za baridi kali ambako lami hukakamaa. Kwa paa lililo wazi chini ya jua la Mombasa, APP ndiyo huchaguliwa mara nyingi. Kitambaa cha polista huvutika zaidi kuliko cha faibaglasi, hivyo ni bora kwa zege linalotanuka na kunywea.

Adui wa lami ni mwanga wa jua. Felti nyeusi iliyoachwa wazi hukauka, hupasuka na kupoteza uhai wake mapema. Kwa hiyo tabaka la juu linapaswa kuwa lile lenye punje za mawe zilizobandikwa kiwandani, au lipakwe rangi ya fedha na kupakwa tena inapofifia. Kama paa litawekwa vigae, felti laini inaweza kutumika kwa kuwa vigae vitaikinga.

Faida ya felti ni kwamba ni nene, hustahimili kukanyagwa kwa kiasi, na mafundi wanaoijua ni wengi. Udhaifu wake ni maungio. Kila roli linapokutana na jingine pana mpishano, na hapo ndipo kazi mbaya hujitokeza. Mpishano wa ubavuni usipungue sentimita 10 na wa mwishoni usipungue sentimita 15. Fundi mzuri huanzia sehemu ya chini ya mteremko akipanda juu, kama anayeezeka makuti, ili maji yavuke mpishano bila kuingia chini yake. Akimaliza, uzi mwembamba wa lami iliyoyeyuka unapaswa kuonekana ukingoni mwa kila ungio. Usipoonekana, ungio hilo huenda halikushika.

TANDO ZA PLASTIKI: PVC NA TPO

Hizi ni shiti nyembamba, kwa kawaida kati ya milimita 1.2 na 2, na nyingi ni nyeupe au za kijivu hafifu. Maungio yake huunganishwa kwa mashine ya hewa moto bila miali ya moto, na shiti mbili huyeyukiana zikawa kitu kimoja. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na wapangaji wa ghorofa ya mwisho huhisi tofauti hiyo usiku, wakati ambapo zege jeusi lingekuwa bado linatoa joto.

PVC ni laini kwa sababu imetiwa kemikali za kuilainisha. Kemikali hizo zinaweza kuhama. PVC ikilazwa moja kwa moja juu ya lami ya zamani, hunyonywa ulaini wake, hukakamaa na kupasuka. Mwenye nyumba aliye na felti kuukuu asikubali PVC itandazwe juu yake bila kitambaa kizito cha kuzitenganisha. TPO haitegemei kemikali hizo, lakini kuiunganisha kunahitaji joto lililopimwa vizuri zaidi.

Udhaifu wa tando hizi hapa kwetu ni kwamba zinahitaji mashine na mtu aliyefunzwa. Zikitobolewa na msumari, lazima zizibwe kwa kipande cha shiti ya aina ileile na hewa moto, kwani kiraka cha lami huziharibu. Kabla ya kuzichagua, uliza swali moja: miaka mitano ijayo, ni nani katika kaunti hii atakayeweza kuzirekebisha?

UTANDO WA MPIRA: EPDM

EPDM ni mpira uliotengenezwa kiwandani, unaofanana na mpira wa ndani wa gurudumu. Huvutika sana, hustahimili jua kwa miaka mingi, na huja kwa shiti pana zinazopunguza idadi ya maungio. Hauhitaji moto, shiti huunganishwa kwa gundi na utepe maalumu. Kwa paa pana lisilo na vizuizi vingi, kama la ghala, ni chaguo linalofaa.

Una mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mwingi ni mweusi, kwa hiyo hufyonza joto. Pili, mafuta huuvimbisha na kuudhoofisha. Paa lenye jenereta ya dizeli, au ambalo dohani ya jikoni ya mkahawa hutolea mvuke wenye mafuta, si mahali pake.

TANDO ZA MAJIMAJI

Hizi hupakwa kwa rola au brashi, kisha hukauka na kuwa ngozi moja isiyo na ungio. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Paa lililojaa mabomba, nguzo za antena, misingi ya matangi na vishikizo vya sola ni gumu kulikata felti kulizunguka, lakini majimaji hufika kila kona.

Poliyurethini ndiyo imara zaidi katika kundi hili. Hunyumbuka na kuziba nyufa ndogo, ila baadhi ya aina hubadilika rangi na kuchakaa zikichomwa na jua, hivyo huhitaji koti la juu linalokinga mwanga. Akriliki ni rahisi kutumia, ni nyeupe, na harufu yake ni ndogo, lakini haipendi maji yaliyotuama. Paa lenye madimbwi likipakwa akriliki, koti hulainika na kubanduka. Ile ya saruji yenye plastiki hufaa chini ya vigae, bafuni na ndani ya matangi ya zege, kuliko juu ya paa lililo wazi na lenye kucheza.

Kosa kubwa katika tando za majimaji ni unene. Lita moja ikipakwa kwenye mita moja ya mraba hutoa unene wa milimita 1 ikiwa bado mbichi, na aina nyingi hupungua zikikauka. Ndoo moja ya lita 20 ikisambazwa kwenye paa la mita 120 za mraba hutoa chini ya milimita 0.2. Hiyo ni rangi, si utando. Watengenezaji wengi wa poliyurethini hutaka unene mkavu wa takriban milimita 1.5 hadi 2, kwa makoti mawili au zaidi, na kitambaa cha kuimarisha kwenye kona na nyufa. Mwenye nyumba ahesabu ndoo kabla ya kazi kuanza, na azihesabu tena zikiwa tupu.

MASWALI YA KUJIBU KABLA YA KUCHAGUA

Hakuna utando mmoja unaofaa kila nyumba. Majibu ya maswali yafuatayo ndiyo yatakayopunguza orodha.

Nani atatumia paa? Paa ambalo wapangaji huanikia nguo kila siku, watoto hucheza na viti huburutwa, linahitaji utando uliokingwa na vigae au mabamba ya saruji. Shiti nyembamba iliyo wazi haitadumu hapo. Paa linalopandwa na fundi wa bomba mara chache kwa mwaka linaweza kubaki wazi, mradi kuwe na njia iliyowekewa mabamba hadi kwenye tangi.

Juu ya paa kuna nini? Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 zimesimama mahali pamoja. Msingi wake uwekwe baada ya utando kupita chini yake au utando upandishwe ubavuni mwake pande zote. Mahali pa kuvuja zaidi katika majengo yetu ni pale fundi wa sola au wa antena alipotoboa utando kwa bolti na kuondoka.

Je, maji ya mvua yanavunwa? Nyumba nyingi hutegemea visima na wauzaji maji, na paa ni chanzo kizuri cha maji. Lakini lami iliyo wazi hutia maji rangi na harufu, hasa ikiwa mpya. Anayevuna maji ya kunywa au kupikia achague utando ambao mtengenezaji amethibitisha kwa maandishi kuwa ni salama kwa kazi hiyo.

Je, moto wa gesi ni salama hapo? Paa lililopakana na makuti, mbao au ghala la bidhaa zinazowaka lisichomwe felti. Zipo tando zinazojibandika zenyewe au za majimaji.

Gharama kwa mwaka ni kiasi gani? Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, koti la shilingi 400 kwa mita linadumu miaka 3, na utando wa shilingi 1,200 unadumu miaka 12. La kwanza ni takriban shilingi 133 kwa mwaka, la pili ni shilingi 100, na hapo hatujahesabu dari za wapangaji zilizoharibika wala mafundi walioitwa mara nne.

HESABU YA MAROLI

Anayechagua felti anaweza kuhakiki mwenyewe bei aliyopewa. Roli la mita 10 za mraba, ukiondoa mpishano, hufunika karibu mita 8.9. Paa la mita 12 kwa 10 linahitaji maroli 14 kwa tabaka moja. Kisha kuna ukingo: utando lazima upandishwe ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso wa mwisho wa paa, na vipande vya ukingo huhitaji karibu sentimita nyingine 15 za kulala chini. Mzingo wa mita 44 ukizidishwa kwa sentimita 30 ni mita 13.2 za mraba, yaani maroli mawili zaidi. Jumla ni 16. Fundi anayesema maroli 12 yatatosha ama atapunguza mpishano ama ataacha ukingo, na ukingoni ndiko maji huanzia.

Felti ya milimita 4 ina uzito wa kati ya kilo 4 na 5 hivi kwa mita ya mraba. Tabaka moja kwenye paa hilo ni takriban nusu tani. Majengo ambayo yamewekewa felti juu ya felti mara tatu au nne yamejitwika mzigo usio na faida, na maji yaliyonaswa kati ya matabaka hayatoki. Ikifika hapo, ni heri kubandua yote na kuanza upya.

NYUMBA ZA MJI WA KALE

Nyumba za zamani za Mji wa Kale ni jambo tofauti. Paa lake la asili si zege lenye vyuma, bali ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyoshindiliwa juu ya boriti za mikoko. Chokaa hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa jua likiwaka. Ikifunikwa kwa felti au plastiki isiyopitisha hewa, unyevu hukwama ndani, na boriti huoza kichwani, pale zinapoingia ukutani, bila mtu kuona. Moto wa gesi juu ya boriti kavu nao ni hatari.

Kwa nyumba hizo, ukarabati wa chokaa kwa chokaa, pamoja na kusafisha makopwe ya kutolea maji, kwa kawaida ndiyo njia salama. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, kwa hivyo mwenye nyumba anapaswa kushauriana na afisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na afisi za mipango za kaunti kabla ya kubadilisha paa.

KAZI YENYEWE NA USALAMA

Zege jipya huachwa takriban siku 28 kabla ya kufunikwa. Paa la zamani lifagiliwe, nyufa zizibwe, kona za ukuta na sakafu zijazwe kwa saruji ili zisiwe kali, na uso uwe mkavu. Kipimo cha ukavu ni rahisi: bandika kipande cha plastiki juu ya zege kwa utepe pande zote, kiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone ndani, zege bado lina maji, na utando utafura malengelenge. Kwa felti, zege hupakwa kwanza lami nyepesi ya kushikisha na kuachwa ikauke.

Kabla ya vigae kuwekwa au malipo ya mwisho kutolewa, matundu huzibwa na paa kujazwa maji kidogo kwa saa 24 hadi 48, huku mtu akikagua dari chini. Kwa kuwa maji ni mzigo, sentimita 5 kwenye paa la mfano zikiwa tani 6, mhandisi akubali kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda wafanyakazi. Wanaochoma felti wawe na kizima-moto karibu, mitungi ya gesi isimame wima mbali na moto, na mtu abaki kulinda paa angalau saa moja baada ya kazi. Rangi zenye vimumunyisho zisipakwe pasipo hewa wala karibu na moto.

Mwenye nyumba aulize kama mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na kama bidhaa imeidhinishwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Dhamana iandikwe: inahusu bidhaa pekee au na kazi pia, kwa miaka mingapi, na ni mambo gani yanayoivunja. Anayekusudia kuongeza ghorofa, tangi kubwa au kubadilisha umbo la paa anahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Katika majengo ambayo kila nyumba ina mmiliki wake, paa kwa kawaida ni mali ya pamoja. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, shirika la wamiliki ndilo linalosimamia mali hiyo. Aliye ghorofa ya mwisho hapaswi kuachiwa gharama peke yake kwa kuwa ndiye anayelowa kwanza.

MATUNZO

Utando bora zaidi huharibiwa na kupuuzwa. Paa likaguliwe angalau mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Mtunza jengo afagie majani na mchanga, afungue matundu, abonyeze maungio kwa mkono kuona kama yameachia, na aangalie ukingo ukutani. Achukue picha kwa simu na kuzihifadhi pamoja na tarehe. Ufa wa sentimita chache ukizibwa Februari ni kazi ya nusu siku. Ukiachwa hadi Mei, unaweza kuwa dari ya nyumba nzima.

Wakazi wanaoona vipande vya zege vikidondoka, vyuma vilivyo wazi au nyufa zinazopanuka katika jengo wanaloishi, wasisubiri masika. Watoe taarifa kwa mwenye nyumba na kwa afisi ya kaunti inayosimamia ujenzi na mipango ya miji, au kwa msimamizi wa wadi yao, ili jengo likaguliwe mapema.